Maswali na Majibu: Kuandika Historia ya Zilizopendwa

Je, ni lazima niwe na digrii ya historia ndipo niandike kuhusu wanamuziki wa zamani? (Mwanafunzi, Kasarani)

Hapana. Uwe na sikio, subira na nauli.

Nianzie wapi hapa Nairobi? (Msomaji, Umoja)

Anza na santuri yenyewe. Pita Soko la Kenyatta, au duka la Melodica pale Tom Mboya, ushike zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Kibandiko cha katikati kina bendi, mtunzi, kampuni na namba ya toleo. Nakili vyote. Ukipanga namba za kampuni moja kwa mfuatano, utapata fununu ya wimbo upi ulitangulia, hata pasipo mwaka. Kisha nenda Maktaba ya McMillan ukapekue magazeti ya zamani. Tangazo dogo la dansi la Jumamosi hutoa tarehe ambayo wenyewe waliopiga wameshaisahau.

Wazee wawili wanadai kutunga wimbo uleule. Nimwamini yupi? (Mwandishi chipukizi, South B)

Bado usimwamini yeyote, dada, wala usimwite mtu mwongo. Tazama "Malaika". Mkenya Fadhili William aliurekodi Nairobi, Miriam Makeba wa Afrika Kusini akaupeleka mbali, kundi la Boney M nalo likautoa mwaka 1981. Hata hivyo Mtanzania Adam Salim alishikilia kwamba ni wake. Kibandiko hakimalizi ubishi, kwani huenda kilibeba tu jina la aliyeingia studio. Mimi huwatafuta wapiga ngoma na besi: hao hawana mrabaha wa kugombania. Tena siwaulizi nani alitunga. Nauliza mazoezi yalikuwa wapi, na nani aliuleta wimbo siku ya kwanza. Kitabuni weka madai yote mawili, na ushahidi wa kila upande.

Naweza kuchapa mashairi ya wimbo mzima? (Mwalimu, Buruburu)

Omba idhini, mwalimu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda wimbo hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Daudi Kabaka, mwenye "Helule Helule" iliyorudiwa na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968, alituacha 2001. Piga hesabu, kisha utafute familia.

Kazi hii inalipa? (Baba wa watoto watatu, Kayole)

Kitabu peke yake hakitalipa kodi ya nyumba, ndugu yangu. Ongeza vipindi vya redio, makala, na maelezo ya albamu zinazotolewa upya. Ajira usiache kwanza.