Maswali Yenu ya Muziki: Pop Inayopita Mlango wa Hip Hop

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: kwa nini wimbo fulani wa pop, ulioimbwa na mtu asiye na habari na rap, hupokelewa na wana hip hop kana kwamba ni wa kwao, na mwingine hufukuzwa ukumbini kabla ya kiitikio cha kwanza. Tumechagua zile zinazouliza kwa undani.

Mjomba wangu hasikilizi kitu kama si rap ya miaka ya tisini. Lakini “In the Air Tonight” ya Phil Collins anaiweka kwenye orodha moja na Nas na DMX. Huyu mzee wa Kiingereza ana nini? — J.M., Tanga

Mjomba wako ana wenzake wengi. Mwaka 2001 ilitoka albamu nzima, *Urban Renewal*, ya wasanii wa R&B na hip hop wakirudia nyimbo za Collins; Lil’ Kim na Ol’ Dirty Bastard wamo. DMX alikuwa ameshaitumia “In the Air Tonight” mwaka 1998, na Bone Thugs-n-Harmony baadaye wakajenga “Home” juu ya “Take Me Home” ya Collins.

Sababu itafute kwenye ngoma kwanza, sauti ya mwimbaji baadaye. “In the Air Tonight” ilitoka 1981. Kwa zaidi ya dakika 3 unachosikia ni mashine ndogo ya ngoma, Roland CR-78, kinanda kilichotanda nyuma, na mtu anayeimba kama amebana meno. Kwenye dakika ya 3 na sekunde 40 hivi ndipo ngoma halisi, zilizopigwa na mtu, zinapoanguka.

Sauti ya ngoma zile ilipatikana kwa bahati. Collins alikuwa akimpigia ngoma Peter Gabriel katika studio ya Townhouse, London. Meza ya kuchanganyia sauti, ya kampuni ya SSL, ilikuwa na maikrofoni ya kumsikilizia mwanamuziki anapoongea kutoka chumba cha kupigia. Maikrofoni hiyo ilibanwa kwa kompresa (kifaa cha kusawazisha sauti ndogo na kubwa) kali ili hata mnong’ono usikike. Ilipoachwa wazi wakati Collins anapiga, kompresa ikanyanyua mwangwi wote wa chumba, na fundi Hugh Padgham akaongeza kifaa cha kuufunga mwangwi huo ghafla kabla haujafifia wenyewe. Kwa hiyo unapata pigo kubwa kama la ukumbi, kisha kimya. Mwangwi wa kawaida ungeendelea kuvuma na kujaza nafasi kati ya pigo na pigo. Huu haujazi, na rapa anaishi kwenye nafasi hiyo.

Ukitaka kuhakikisha, sikiliza “I Can’t Go for That” ya Hall & Oates, wazungu wawili waliotokea Philadelphia. Ni CR-78 ileile, besi fupi, na uwazi mwingi. Januari 1982 ilishika namba 1 kwenye chati kuu ya Billboard na pia kwenye chati ya muziki wa weusi, jambo ambalo wasanii weupe hawakulipata mara kwa mara. De La Soul waliichukua mwaka 1989 kwenye “Say No Go”.

Mimi ni DJ wa harusi na klabu. Nikichomeka pop katikati ya seti ya hip hop, watu wanarudi kukaa. Nakosea wapi? — DJ, Arusha

Hukutuandikia unatumia mashine gani, kwa hiyo tunajibu kwa yanayohusu zote.

Anza na kasi. “In the Air Tonight” iko takriban mapigo 95 kwa dakika, “Royals” ya Lorde 85, “Another One Bites the Dust” ya Queen 110, “Good Times” ya Chic 111. Hip hop ya miaka ya tisini mara nyingi hucheza kati ya 85 na 100. Ukishusha wimbo wa 95 hadi 90 umepunguza asilimia 5.3, na kila asilimia 6 hivi ni nusu toni kamili. Bila kufunga toni (kitufe cha key lock, kinachozuia toni isibadilike kasi inapobadilika), sauti ya mwimbaji itakuwa nzito kama kaseti yenye betri zinazoisha. Funga toni, lakini usivuke asilimia 6 au 7: programu huanza kukatakata sauti ili kuijaza, na wa kwanza kuharibika ni snea (ngoma ya mlio mkali) na matoazi, ambavyo ndivyo umati wa hip hop unavisikiliza.

Kutoka 111 kwenda 95 ni asilimia 14. Deki za santuri za Technics SL-1200 MK2 zenyewe huishia asilimia 8 juu au chini. Hapo usivute, kata. Subiri mwisho wa baa 8, yaani mapigo 32, na pigo la kwanza la baa inayofuata liwe la wimbo mpya. Ukumbi unasamehe kasi kubadilika ghafla kwenye pigo la kwanza. Hausamehe ngoma mbili zinazokimbizana.

Pili, ujazo. Nyimbo za 1980 au 1981 hazikubanwa kama za sasa, hivyo zikiingia baada ya trap, hip hop ya kisasa yenye besi nzito, zinaonekana zimekonda, na mchezaji anadhani wimbo ni dhaifu. Pandisha geini ya chaneli kwenye hedifoni kabla ya kufungua fada (kitelezi cha sauti cha chaneli), ukiangalia taa zifike usawa wa wimbo unaotoka. Usingoje hadi fada iko juu ndipo uongeze. Na taa nyekundu si fahari. Hapo sauti inapasuka tu.

Tatu, besi. Wimbo unaoingia uingie besi ikiwa imekatwa kabisa kwenye ikwalaiza. Ukifika pigo la kwanza la baa 8 mpya, geuza vitufe viwili kwa pamoja: besi ya zamani chini, mpya juu. Besi mbili kwa pamoja zinavurugana, na spika za ukumbi wa harusi huwa zinavuma hata kabla hujazigusa.

Nne, usiamini kitufe cha SYNC, kinacholinganisha kasi chenyewe, kwa nyimbo za zamani. “Good Times” imepigwa na mtu, Tony Thompson, mpiga ngoma wa Chic, na mtu hupumua. Mara nyingi programu hupima mwanzo wa wimbo na kudhani utaendelea hivyo. Dakika 2 mbele alama zake zimeshaachana na ngoma. Rekebisha alama hizo kwa mkono kila baada ya baa 16, au zungusha baa 4 za sehemu ya besi na ngoma tupu, uchanganye ndani ya mzunguko huo.

Na huo wa Collins una mtego wake. Toleo la singo liliongezwa ngoma za ziada kabla ya zile kubwa, kwa sababu Ahmet Ertegun, bosi wa lebo ya Atlantic, aliona msikilizaji wa redio atapotea bila pigo. Toleo la albamu halina. Kwa ukumbi chukua la albamu, weka alama kwenye 3:15 hivi, na uzime kila kitu kingine. DJ wengi hutia biti nyingine chini yake “ili isipooze”. Basi ngoma zikija haziji kutoka kimyani, na zinapita kama ngoma yoyote. Zikishapiga, acha dakika moja, kisha toka. Kuupiga wimbo wote tangu mwanzo saa sita usiku ni kuwaruhusu watu waende kununua vinywaji.

Nani hasa alianza mchezo huu wa kuwapigia watu wa hip hop nyimbo zisizo za kwao? — Msomaji, Kisumu

Umekuwepo tangu siku ya kwanza. Sherehe inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop, ya DJ Kool Herc pale 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, ilikuwa tarehe 11 Agosti 1973, wakati hapakuwa na santuri hata moja ya rap. Ma-DJ walikuwa wakitafuta kipande chenye ngoma tupu, na hawakujali kimetoka kwa nani. Herc aliloweka lebo za santuri zake zikabanduka ili wapinzani wasijue anapiga nini. DJ mwenzake, Afrika Bambaataa, aliwapigia vijana wa Bronx Wajerumani wa Kraftwerk, kisha 1982 akatoa “Planet Rock” iliyosimama juu ya muziki wao. “Walk This Way” ya bendi ya rock Aerosmith ilikuwa ikijulikana kwa ngoma zake za mwanzoni tu. DJ alirudisha santuri kabla gitaa halijakolea. Mwaka 1986 kundi la rap Run-DMC walipoambiwa wairekodi nzima, ilibidi wajifunze mashairi yake.

Mbona msanii wa pop akimwalika rapa kwenye wimbo, mara nyingi wana hip hop hawahamasiki? — Z., Nairobi

Kwa sababu rapa huitwa nyumba ikiwa imeshajengwa. Anapewa baa 16 baada ya kiitikio cha pili, ambazo kwa kasi ya 90 ni sekunde 43, juu ya biti ambayo haikuachiwa nafasi ya maneno: vinanda vitatu, sauti za nyuma, makofi kila mahali. Anabaki kupiga kelele ili asikike.

Linganisha na “Fantasy” ya Mariah Carey ya 1995, kwenye rimiksi aliyoitengeneza na Puff Daddy. Ol’ Dirty Bastard yupo tangu mwanzo, na biti ni ya “Genius of Love” ya Tom Tom Club, wimbo wa pop wa 1981 ambao Grandmaster Flash and the Furious Five walikuwa wameshaufanyia rap yao, “It’s Nasty”, mara tu ulipotoka. Kwa hiyo Mariah hakuwa anawaletea watu wa New York kitu kigeni. Alirudi na biti waliyokua nayo. Sisi tunaona huo ndio ujanja wote wa wimbo ule, ingawa wengi husifu zaidi ukichaa wa ODB.

Queen nao hawakumwalika mtu. Mpiga besi wao, John Deacon, aliitoa besi ya “Another One Bites the Dust” baada ya kuwasikia Chic, akaiacha na ngoma kavu zisizo na mwangwi. Redio za weusi Marekani zikaanza kuipiga hata kabla haijatolewa kama singo huko.

Natengeneza biti nyumbani. Nikipata wimbo wa pop niupendao, nichukue kipande gani? Mimi huchukua kiitikio na inasikika kama matangazo ya redio. — Prodyuza chipukizi, Mombasa

Kiitikio ndicho kipande kilichojaa kuliko vyote, na ndicho kila mtu ameshakichoka. Angalia “Stan” ya Eminem, mwaka 2000. Prodyuza 45 King alimchukua Dido kwenye “Thank You”, lakini kile kinachoimbwa kama kiitikio cha “Stan” ni ubeti wa kwanza wa Dido, wenye gitaa jepesi na besi, kabla wimbo haujachangamka. Kiitikio chake cha furaha hakikuguswa.

Kwa hiyo pitia sehemu 3 kwa utaratibu huu: baa 2 au 4 za mwanzo kabla mwimbaji hajaingia, ubeti wa kwanza, na daraja la kuelekea mwisho ambako vyombo hupungua. Kata hasa pale pigo linapoanza, usiache hata chembe ya kimya mbele yake, la sivyo kila mzunguko utachelewa kidogo na ngoma zako zitaonekana zinajikwaa. Kama kipande kina besi yake, punguza sauti nzito zilizo chini ya hezi 120 hivi kabla hujaweka besi yako.

Ukitaka ule ukwaruzo wa zamani, ujue ulitokana na ufinyu. E-mu SP-1200 ya 1987, mashine ya kunasa na kukata vipande vya sauti, ilihifadhi sekunde 10 tu za sauti kwa ubora wa biti 12 (bit za kompyuta, si biti za muziki). Watu walipiga santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa mwendo wa 45 ili kipande kiingie kwa muda mfupi, kisha wakakishusha ndani ya mashine. Kwenye laptopu fanya vivyo hivyo: pandisha kasi pamoja na toni kwa asilimia 35, hifadhi kwa biti 12 na kiwango cha kilohezi 26 hivi, halafu rudisha chini bila kufunga toni. Ukiifunga utapata sauti safi iliyovunjika, ambayo ni kitu kingine.

Nimeambiwa sekunde 3 za wimbo wa watu hazina kesi. Kweli? — Msomaji, Mwanza

Si kweli, na uvumi huu umewagharimu watu. Unahitaji ruhusa mbili: ya mwenye rekodi, kwa kawaida lebo, na ya mwenye utunzi, yaani mtunzi au kampuni inayosimamia tungo zake. Ukipiga upya kwa gitaa lako, ya kwanza inaondoka, ya pili inabaki. Kusajili wimbo wako kwenye ofisi za hakimiliki, COSOTA (Tanzania) au KECOBO (Kenya), hakukupi haki ya sauti ya mtu mwingine iliyomo ndani.

Tofauti ya haki hizo inaonekana vizuri kwenye “I’ll Be Missing You” ya Puff Daddy ya 1997. Gitaa linalozunguka pale limetoka kwenye rekodi ya The Police, “Every Breath You Take”, na lilipigwa na Andy Summers, lakini aliyeandikishwa mtunzi wa wimbo wa asili ni Sting peke yake, na pesa za utunzi zikaenda kwake. Fugees nao walitumia sauti ya Enya, “Boadicea”, kwenye “Ready or Not” ya 1996 bila kuomba, wakalazimika kuelewana naye baadaye.

Aliyeumia zaidi ni rapa Biz Markie. Alichukua kipande cha “Alone Again (Naturally)” ya Gilbert O’Sullivan, pop laini kabisa ya 1972, bila kupata ruhusa. Desemba 1991 mahakama ya New York ikamzuia, jaji akianza hukumu yake kwa amri ya Biblia ya usiibe, na albamu ikaondolewa madukani. Tangu hapo lebo kubwa zikaanza kudai karatasi za ruhusa kabla ya kutoa chochote. Albamu yake iliyofuata, ya 1993, Biz aliiita *All Samples Cleared!*