Kichwa kikigonga kila ukikohoa na mkono hausikii moto, soma hii

Mimi nauza chapati na maandazi hapa Tanga, mwaka wa tisa sasa, kwa hiyo kuungua vidole kwangu ni jambo la kila siku na ndo maana nilichelewa kustuka. Siku hiyo nimeinjika kikaango nageuza chapati kwa vidole kama kawaida, mara binti yangu anapiga kelele, "Mama, mkono!" Kuangalia, vidole viwili vya mkono wa kushoto ngozi imeshajikunja na harufu inatoka, na mkono bado upo pale pale kwenye ukingo wa kikaango. Ukingo nausikia kabisa, najua nimegusa chuma, ila moto sisikii. Hata kidogo.

Shikeni hapo hapo, kusikia mguso ila kutosikia moto, maana hiyo ndo ilikuja kufungua kesi yangu yote, ugonjwa unaoitwa Chiari, ubongo wa kisogoni kushuka kuelekea shingoni.

Turudi nyuma kidogo. Karibu miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa na kichwa. Kilikuwa hakiumi muda wote, kinakuja nikikohoa, nikipiga chafya, nikicheka sana, nikijikamua chooni au nikinyanyua ndoo, kinagonga kisogoni kama nimepigwa mchi, dakika moja mbili kimeisha. Nilienda zahanati sijui mara ngapi na kila nikifika nasema "kichwa kinauma", basi napimwa malaria, napewa dawa ya taifodi, napimwa presha, mwisho nikaandikiwa miwani. Siwalaumu sana maana mimi mwenyewe sikuwahi kuwaambia kinauma wapi na kinaanza nikifanya nini, wao nao hawakuuliza. Kwa hiyo wewe ukienda usiseme kichwa tu, sema "kinagonga kisogoni nikikohoa na kinaisha haraka". Hiyo sentensi kwa daktari ni tofauti kabisa na kipandauso, ambacho kinakaa masaa na mwanga unakukera.

Baada ya kuungua mtaani wakaanza kusema. Mama mkwe akasema nimetupiwa kitu, mzee mmoja jirani akasema waziwazi kwamba mkono usiosikia moto ni ukoma. Nililia usiku mzima. Asubuhi nikaenda hospitali ya wilaya, kliniki ya kifua kikuu na ukoma, na nawaambia hivi, nenda, usione aibu, ukoma unatibika na dawa zake ni bure. Yule mganga wa pale namwombea dua mpaka leo. Akanifumbisha macho akanigusa na pamba, nikawa nasema "hapa, hapa", nimepatia kote. Akachukua pini, mkono wa kushoto wote mpaka begani sijui kama inachoma au inagusa tu. Akaleta vichupa viwili, kimoja maji ya moto kimoja ya baridi, nikashindwa kutofautisha. Akapapasa mshipa wa fahamu wa kwenye kiwiko kama umenenepa, akakagua mabaka mwilini, hamna. Akaniambia, "Dada, huu si ukoma. Ukoma kwenye baka ungekupotezea na pamba pia. Hii inatoka juu, kwenye uti wa mgongo." Pamba, pini na vichupa viwili, basi. Halafu akanionyesha kitu ambacho sikuwa nimekiona, nyama ya kati ya dole gumba na kidole cha shahada upande wa kushoto ilikuwa imeshabonyea.

Sasa hapa ndo nilipopoteza miezi mitano. Nilienda hospitali moja nikafanyiwa CT scan ya kichwa, majibu yakasema kila kitu kiko sawa, nikaambiwa ni mawazo nipumzike. Nikarudi kwenye chapati. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba CT inaonyesha vizuri mfupa na damu, ila pale chini ya fuvu mfupa ni mnene unaharibu picha, na ndani ya uti wa mgongo haioni vizuri. Kwa hiyo CT safi kwa mtu mwenye dalili kama zangu haimalizi kesi. Kipimo chake ni MRI, ile picha inayopigwa kwa sumaku, na wakuandikie kichwa, shingo na mgongo wote, sio kichwa peke yake. Uliza pia kama watakuchoma ile dawa ya mshipani ili waone kama kuna uvimbe, maana uvimbe nao unaweza kuleta hali inayofanana. Na kabla hujapigwa picha, mtu asikutoe maji ya mgongoni kwa sindano bila kumwambia hizi dalili zako, kama njia imebana juu ukapunguza maji chini, ubongo unaweza kushuka zaidi.

Nilifanya MRI Dar, halafu daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu akakaa na mimi akanionyesha kwenye kompyuta. Ule ubongo mdogo wa kisogoni una vincha viwili kwa chini, vyangu vilikuwa vimeshuka milimita 14 kupitia lile tundu la fuvu linalopitisha uti wa mgongo. Kwa kawaida wanaanza kuhesabu tatizo ikizidi milimita 5. Wanaita Chiari, kwa jina la Hans Chiari, daktari aliyeielezea mwaka 1891 akiwa Prague. Sasa vile vincha vimeziba tundu kama kizibo cha chupa, maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo hayapiti vizuri, ukikohoa msukumo unapanda unakosa pa kwenda, ndo kile kichwa. Na kwa muda mrefu maji yakajikusanya ndani ya uti wa mgongo wenyewe, yakachimba pango refu katikati, hiyo wanaita siringomielia. Nyuzi zinazobeba maumivu na joto zinavuka pale katikati kwenda upande wa pili, kwa hiyo pango likitanuka zinaumia za kwanza, ila za mguso mwepesi zinapanda kwa nyuma, zinabaki. Nilivyoelewa hilo nikatulia kabisa. Sikutupiwa kitu na mtu.

Ila nisiwatishe, wapo watu kibao ambao ubongo wao umeshuka kidogo na hawana dalili yoyote, imeonekana kwa bahati wakipimwa kitu kingine, hao wengi wanafuatiliwa tu hawapasuliwi. Anayepasuliwa ni mwenye dalili zinazomsumbua au zinazoongezeka, au mwenye pango linalokua. Na dalili ambazo usilale nazo nyumbani ni kupaliwa ukila, sauti kubadilika, kuacha kupumua usingizini, miguu kukaza au kuyumba, kushindwa kuzuia mkojo. Kwa watoto angalia mgongo, mtoto ambaye mgongo unapinda pembeni, hasa ukipinda haraka au akiwa na kichwa kama nilivyoeleza, omba apigwe MRI kabla ya kufungiwa mkanda wa kunyoosha mgongo.

Kuhusu shingo niseme kwa ukali. Kile kitendo cha kinyozi kukuvunja shingo mpaka ilie, nilikifanyiwa mara mbili na mtu wa kuchua ili "mshipa ukae sawa". Usikubali. Kama ubongo umeshashuka pale, kukunja shingo kwa nguvu ni hatari kweli.

Upasuaji niliuogopa kuliko kifo. Wanapasua kisogoni, wanatoa kipande kidogo cha mfupa wa fuvu kwenye lile tundu na mgongo wa pingili ya kwanza ya shingo, kwangu walifungua na utando wa ubongo wakashona kiraka ili pawe papana. Pango lenyewe hawakuligusa, ukifungua njia juu linaanza kunywea taratibu. Kabla ya kusaini nilimuuliza nitarudi kama zamani? Akasema lengo ni kuzuia isiendelee, kichwa mara nyingi kinapata nafuu, ila kilichokufa mkononi asiniahidi. Mpende daktari anayekwambia hivyo. Na ndo maana ile miezi mitano inaniuma.

Siku ya nane baada ya upasuaji niko nyumbani naona mto umelowa, nikadhani jasho. Wifi yangu ndo alinibana, akagusa akasema haya ni maji meupe kama ya kunywa yanatoka kwenye kidonda, twende. Yalikuwa ni yale maji yanayozunguka ubongo yanavuja. Nikashonwa upya nikalazwa. Kwa hiyo kidonda kikitoa maji meupe, au una homa, au kichwa kinauma ukikaa kinapoa ukilala, rudi usiku huo huo. Na kula mapapai, kunywa maji, usijikamue chooni, usinyanyue ndoo mpaka uruhusiwe. Dada mwenye Chiari ukipata ujauzito, waambie kliniki tangu mahudhurio ya kwanza, kusukuma na sindano ya ganzi ya mgongoni ni mambo ya kupangwa na wataalamu mapema.

Kuna na hili la mkono usiosikia, hata usipoambiwa na mtu lifanye mwenyewe. Maji ya kuoga nayapima kwa mkono wa kulia. Kila usiku nakagua vidole vya kushoto kwenye taa, kama kuna lengelenge au mchubuko ambao sikuusikia.

MRI ya kurudia miezi sita baadaye ilionyesha pango limepungua zaidi ya nusu. Nakohoa, nacheka, kichwa kimya. Mkono wa kushoto bado hausikii moto, nguvu imerudi kiasi. Chapati nasukuma mimi, kwenye kikaango yuko binti yangu, na siku hizi anageuza kwa mwiko.