Fundi wa Tangi Anajibu: Skima Usiizime Usiku

SWALI: Shikamoo fundi. Nina tangi la maji ya chumvi, lita 300, liko sebuleni hapa Kizingo, Mombasa. Ndani mna kangaja mdogo, kitatange mmoja, kamba wawili na matumbawe laini. Aliyeniuzia skima, kile kifaa cha kutoa uchafu wa maji kwa povu, alisema iwake saa 24. Rafiki yangu naye ananiambia saa nane zatosha, eti ikizidi inamaliza chakula cha matumbawe. Nimeifunga taima, inawaka saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, maana tokeni zinakwisha mbio na mke wangu hawezi kulala kwa ule mvumo. Sasa wiki ya pili hii kikombe chake cha kukinga uchafu kinatoka kikavu, au na maji mepesi tu. Nifuate la nani?
Msomaji, Kizingo

JIBU: Marahaba mwanangu. Mfuate muuzaji, ingawa huenda hakukwambia sababu. Hiyo taima ing'oe leo hii.

Skima hufanya kazi ileile ifanywayo na bahari ya Nyali msimu wa kusi, mawimbi yanapopiga mwani uliooza ukaona povu la manjano limelala mchangani. Uchafu wa samaki, ute wa matumbawe na mabaki ya chakula vina chembe ambazo upande mmoja hupenda maji na upande wa pili huyakimbia. Kiputo cha hewa kikipita, chembe hizo huking'ang'ania. Viputo hupanda shingoni mwa skima, hukauka kidogo, na uchafu humwagikia kikombeni kabla haujaoza ukawa amonia na baadaye naitreti. Ikishakuwa naitreti, skima haiwezi tena kuigusa.

Lile povu la shingoni basi halijengeki mara moja. Ukiwasha asubuhi, skima hupoteza muda ikipandisha povu jepesi lisiloshika kitu, na pengine saa kadhaa hupita kabla halijawa zito la kumwagika. Wewe waipa saa nane, nusu yake inaishia kupanda ngazi, kisha waizima. Na kama ni mpya, plastiki bado ina mafuta ya kiwandani. Yenyewe tu huhitaji siku kadhaa, hata wiki mbili, za kuwaka mfululizo ndipo itulie. Kikombe kikavu chako nadhani kimetokea hapo. Lakini tazama na mikono: ukitumbukiza mkono wenye losheni, au ukalisha chakula cha kugandisha chenye mafuta bila kukisuuza, povu hufa kwa masaa.

Kosa kubwa zaidi ni kuchagua mchana. Mchana taa zinawaka, na mwani uishio ndani ya matumbawe yako unatoa oksijeni. Usiku taa zikizimika, kila kilicho hai mle ndani kinavuta oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, na pH, kipimo cha asidi ya maji, inashuka: maji yanazidi asidi. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 hayabebi hata miligramu 7 za oksijeni kwa lita, hata yakishiba kabisa. Skima ndiyo inayochanganya hewa nyingi na maji kuliko kifaa kingine chochote ulicho nacho. Kwa hiyo unaizima saa zile ambazo kangaja wako anaihitaji sana. Ukimkuta alfajiri anahema juujuu karibu na uso wa maji, usitafute dawa ya ugonjwa. Na ikibidi kabisa kupunguza saa, basi izime mchana, iwake usiku kucha.

Haya, tokeni. Soma kibandiko cha pampu. Skima nyingi za tangi kama lako hazizidi wati 25 au hapo. Wati 25 kwa saa 24 ni uniti 18 kwa mwezi. Kwa saa nane ni uniti 6. Unaokoa uniti 12. Bafu la umeme la wati 5,000 huzimaliza hizo kwa chini ya saa mbili na nusu. Anzia huko.

Rafiki yako hakukosea kila kitu. Ukiwapa matumbawe chakula cha unga au planktoni, zima skima nusu saa hadi saa moja, kisha iwashe. Wasiwasi kuwa itawaachia njaa hauna uzito: matumbawe laini hula zaidi mwanga kupitia mwani wao, na skima yenyewe si fagio la kumaliza kila kitu. Mwaka 2009 mwanakemia Ken Feldman wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, alichapisha vipimo vya skima za aina mbalimbali, na ziliondoa kama asilimia 20 hadi 30 tu ya kaboni itokanayo na uchafu wa viumbe iliyopimwa majini. Iliyobaki utaitoa kwa kubadilisha maji na kwa makaa maalumu. Zima pia unapotia dawa ya samaki, maana nyingine huifurisha skima hadi zulia likalowa, na unapobandika matumbawe kwa gundi inayofinyangwa kama udongo.

Na kitu ambacho wauzaji hawakisemi: skima inavuta hewa ya sebule yenu. Dawa ya mbu ya kupuliza ni sumu kali kwa samaki, na kwa kamba ndiyo zaidi. Kabla ya kupuliza, zima skima, funika tangi, fungua madirisha, na usiiwashe mpaka harufu iishe chumbani. Udi na ubani fukizia chumba kingine.

Kuhusu mvumo, mara nyingi ni chumvi iliyoganda kwenye kitundu cha kuvutia hewa. Chomoa ule mpira mwembamba, uingize katika maji ya moto ya bomba, uone mabonge meupe yanavyotoka. Chini ya pampu weka kipande cha ndara kuukuu. Pampu yenyewe iloweke kwenye siki kila baada ya miezi michache. Shingo ipanguse kwa kitambaa kila siku mbili tatu. Ikishika utelezi, povu haliwezi kupanda hata uwashe mwaka mzima.

Stima ikipotea, maji ya juu hushuka kwenye sampu, lile tangi dogo la chini linalokaa skima. Ikirudi, skima hujikuta imezama kuliko kawaida na kumwaga. Usijaze sampu hadi ukingoni. Wakati giza likidumu, pampu ndogo ya hewa ya betri itawafaa samaki.

Kitatange tutamzungumza siku nyingine, ila muulize aliyekuuzia kama alikwambia anapenda kula nini. Matumbawe yako yanamjua.

SWALI: Fundi, niko Maskati. Skima yangu haizimwi kamwe, lakini pH kila alfajiri ni 7.8 na mchana haifiki 8.1. Niongeze skima ya pili?
Msomaji, Oman

JIBU: Hapana, weka fedha yako. Kiyoyozi kinazunguka, madirisha yamefungwa tangu Mei, watu wanapumua humo humo; kaboni dayoksaidi ya chumbani hupanda kupita mara mbili ya ile ya nje, na skima inaisukuma majini. Skima ya pili itavuta hewa ileile. Nunua mpira wa hewa mrefu, mpana kidogo kuliko wa sasa ili skima isikabwe, upitishe dirishani hadi nje. Mdomo wake uutazamishe chini na uufunge wavu wa chandarua wasiingie sisimizi, mbali na moshi wa gari. Hewa ya nje ni ya joto lakini ni kidogo, haitaongeza nyuzi za kukusumbua. Pima pH alfajiri kwa wiki moja, uniandikie umepata ngapi.