Akimwona mbwa mwenzake, anageuka chui

SWALI: Shikamoo Mzee. Mbwa wangu Simba ana miaka mitatu. Nyumbani ni mpole kupindukia, wanangu wanamvuta masikio na yeye amelala tu. Shida ni matembezini. Akimwona mbwa mwingine, hata awe ng'ambo ya barabara, basi tena! Anabweka, anaruka, anajinyonga na kamba, manyoya ya mgongo yamesimama wima. Juzi aligeuka akaing'ata kamba yenyewe na meno yakanipitia mkononi. Jirani mmoja ananiambia nimchape kila akianza, mwingine anasema nimfungue tu wazoeane. Cha kushangaza, tukienda kwa shangazi yangu, ambako hafungwi kamba, anacheza na mbwa wa pale bila ugomvi. Siku hizi naona hata aibu kutoka naye. Nifanyeje?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na mkono. Kama meno yalichubua ngozi na hujamwona daktari, nenda leo hii, hata kama Simba ana chanjo ya kichaa cha mbwa. Siku nyingine, jeraha la meno ya mbwa lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, ndipo uende hospitali. Na hao watoto waache kumvuta masikio. Mbwa kunyamaza si kwamba ameridhia.

Sasa Simba. Hiyo habari ya kwa shangazi imenieleza mengi kuliko barua yote. Mbwa walio huru hawaendeani uso kwa uso. Mmoja anazunguka kidogo, anajifanya ananusa majani, mwingine anageuza kichwa pembeni, wananusana nyuma, na asiyependa anaondoka zake. Barabarani unamnyima yote hayo. Njia imenyooka, macho yamegongana, shingo imebanwa, na kwa mbwa kukodoleana macho hivyo ni kutafutana ubaya. Kukimbia hawezi, umemshika. Kilichobaki ni kupiga kelele ili yule mwenzake aondoke. Naye kweli anaondoka, maana mwenyewe alikuwa anapita tu! Simba anarudi nyumbani akiamini kelele zake ndizo zilizomfukuza, na kesho anaongeza sauti.

Wapo wanaobweka kwa hamu ya kwenda kucheza, hasira ya kuzuiwa ikawapanda. Huenda na Simba anayo kidogo. Lakini iwe hofu au hamu, dawa inaanzia palepale: umbali.

Ushauri wa jirani wa kwanza utupe. Ukimchapa kila amwonapo mbwa, atakachojifunza ni kwamba mbwa wakitokea, maumivu yanafuata. Minyororo ya kukaba koo na mikanda ya kupiga shoti ni hivyohivyo. Ubaya zaidi, mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma anaweza kuacha kunguruma huku hofu iko palepale, kisha siku moja anauma bila taarifa. Wa pili naye anasahau kwamba huyo mbwa mwingine hajaulizwa. Pengine ni mzee, pengine anaumwa, pengine ni mkali kumzidi Simba.

Kabla ya mazoezi yoyote, mpeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe meno, masikio na nyonga. Mbwa mwenye maumivu hataki kusogelewa, na hataweza kukuambia ni wapi panamuuma. Kisha kamba uihamishe kutoka shingoni: mnunulie mkanda wa kifuani wenye pete mbele, na kamba ya kawaida ya mita mbili hivi, si ile inayojivuta na kujirefusha. Kwa kuwa hasira yake imeshakufikia mkononi, mzoeze pia kuvaa kikapu cha mdomoni, kile chenye nafasi ya kuhema na kunywa maji. Kitie kipande cha nyama ndani, aingize mdomo mwenyewe. Usimvalishe kwa nguvu.

Mazoezi yenyewe ni haya. Tafuta mahali pa wazi ambapo mbwa wanapita mbali, na umtazame Simba, si mbwa anayekuja. Wenye mbwa wengi hukosea hapo. Wanamkodolea macho mbwa wa mwenzao, mkono unakaza kamba, pumzi inabanwa, na mbwa wao anapata habari yote kupitia kamba. Mtazame mdomo. Alikuwa anahema ukiwa wazi, ghafla umefungwa. Masikio yamesonga mbele, uzito umehamia miguu ya mbele, mkia umekauka. Au analamba pua, anapiga miayo wala hana usingizi. Hiyo ndiyo nafasi yako, nayo haizidi sekunde chache.

Hapo mpe nyama, vipande vidogo kama punje ya harage, kimoja baada ya kingine, hadi yule mbwa atoweke. Akitoweka, nyama nayo inakoma. Shika utaratibu: mbwa aonekane kwanza, nyama ifuate. Ukitanguliza nyama, itageuka kengele ya hatari. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji wa chakula, alionyesha jinsi mbwa wanavyotokwa mate kwa kusikia tu dalili kwamba chakula kinakuja. Na wewe unataka mbwa mgeni awe dalili hiyo.

Kipimo cha umbali ni vidole vyako. Akiipokea nyama kwa ulimi, taratibu, mko sawa. Akiinyakua hadi meno yanakugusa, mmekaribia mno, rudi nyuma. Akiikataa kabisa, ondokeni, hapo hakuna somo. Siku utakapoona amemwona mbwa kisha mwenyewe akageuka kukutazama, kama anayeuliza "iko wapi?", jua kazi imeshika. Ndipo mnasogea hatua chache, si zaidi.

Mkikutana na mbwa kwenye kona ghafla, usisimame kubishana naye. Mzoeze nyumbani neno "turudi", ukigeuka anageuka nawe na analipwa. Gari lililoegeshwa ni ukuta mzuri wa kujificha, na nyama ukiimwaga majanini inamwinamisha kichwa. Akishalipuka, usimkaripie, ondoka naye tu. Siku inayofuata pumzikeni nyumbani, umfichie chakula akitafute kwa pua, kwa sababu mwili uliotikiswa hautulii haraka, na akikutana na jambo jingine kabla hajatulia, hata dogo litamwasha.

Jipe miezi, na usitegemee awe rafiki wa kila mbwa. Mbwa huzoea ulimwengu zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha yake, na kilichopita hapo hakirudi. Lakini kupita kando ya mwenzake bila kelele, hilo mbwa wengi wanaliweza.

SWALI: Mzee, nikimhasi dume langu, ataacha kuwashambulia wenzake?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Inategemea anashambulia kwa nini. Kuhasi hupunguza kuzurura, kukojolea kila nguzo, na wakati mwingine ugomvi wa madume kwa madume. Hofu hakuiondoi, na mbwa mwoga anaweza hata kuzidi. Chukua video fupi ya anavyofanya, ukiwa mbali na bila kumchokoza, umwonyeshe daktari wa mifugo kabla ya kuamua.