Jibu: Chuma cha kukandamizia nyama, ninunue au niache?
Ndugu, umeuliza kama kile chuma cha kukandamizia nyama kwenye kikaango kinafaa kununuliwa na mtu anayepika nyumbani tu. Mimi ningekwambia jaribu kwanza na ulichonacho. Chukua kikaango kidogo kizito, kifunge karatasi ya alumini kwa chini, kiweke juu ya paja la kuku lililotolewa mfupa, ngozi ikiwa chini. Ngozi hujikunja ikipata moto. Ikibanwa inagusa kikaango kote, inakauka mpaka unaisikia ukitafuna. Ukijikuta unafanya hivyo kila wiki, basi nunua.

Chagua cha chuma kizito, kilo 1 hivi au zaidi. Vile vyepesi ni pambo la jikoni. Kipashe moto kwanza. Ukishakiosha, kikaushe na kukipaka mafuta, kinashika kutu upesi (changu kililala kwenye sinki usiku mmoja tu, asubuhi chekundu!).

Kwa baga, bonyeza mara moja mwanzoni, nyama ikiwa bado mbichi. Ukibonyeza imeshaanza kuiva, utasikia chwaaa, na ule utamu wote umeishia kwenye kikaango.