Kupunguza mwendo ughaibuni: anzeni na hesabu ya saa

Ninyi wa nyumbani mmeuliza kwa nini sisi tulio nje tunapokea simu kama watu wanaofukuzwa, na kama huku mtu anaweza kuishi bila mbio. Anaweza, ila asianze na kutazama machweo. Aanze na hesabu.

Wiki ina saa 168. Mwenye kazi mbili, moja ya saa 40 na nyingine ya saa 24, keshatoa 64. Njiani saa 2 kila siku, 14. Usingizi wa saa 7, 49. Zinabaki 41, na humo humo apike, afue, ajaze fomu, apige simu nyumbani. Kinachoibiwa kwanza ni usingizi, na mwenye usingizi hafurahii hata kilicho mkononi mwake.

Kwa hiyo ipunguzwe shifti moja ya ziada kwa wiki. Ugumu uko hapa, na niseme wazi: nyingi ya shifti hizo hatuzichukui kwa tamaa, tunazichukua baada ya simu ya ghafla ya "nitumie kidogo". Dawa ni kiasi kimoja cha nyumbani, kinachotumwa tarehe ile ile kila mwezi, na akiba ndogo ya dharura kando. Ikiisha, hadi mwezi ujao. Miezi miwili ya kwanza mtanuna, na wengi wetu hushindwa hapo.

Anayekesha kazini avae miwani ya jua akirudi asubuhi, maana mwanga huuambia ubongo kumekucha. Pazia liwe zito. Kahawa ya mwisho iwe saa 6 au zaidi kabla ya kulala.

Siku ya kwanza ya mapumziko huvunja moyo: mtu hulala hadi jioni, akaamka anajilaumu. Hilo ni deni la usingizi linalipwa. Avumilie wiki 3 au 4. Kisha achague mlo mmoja kwa siku, aule amekaa, sare ameivua, simu iko chumba kingine. Dakika 20 tu. Anayekula amesimama kwenye sinki, koti mwilini, jicho kwenye saa, hata chumvi ikizidi hajui.

Nanyi tusaidieni. Ulizeni ratiba ya shifti zetu, tupange simu moja ndefu kwa wiki: nani kajifungua, mvua imefika wapi, paka kazaa wangapi. Ombi la pesa lingojee siku nyingine.