Riziki ya watoto, na haki yao ya kumwona baba

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nina duka la vipuri vya magari Kariakoo, nyumbani ni Chanika, nina mke na watoto watatu. Nikishaswali Alfajiri natoka. Nafunga duka Magharibi, kisha nakaa kijiweni na wenzangu tunakunywa kahawa mpaka foleni ipungue. Nafika nyumbani saa 4 usiku, watoto wameshalala. Jumapili nafungua vilevile. Mama watoto analalamika kuwa anaishi kama mjane. Mimi namwambia kutafuta riziki ya halali ni ibada. Je, nina dhambi, na hali ninahangaika kwa ajili yao?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ulilomwambia mkeo ni kweli. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) alitaja dinari unayoitoa katika njia ya Allah, ya kumkomboa mtumwa, ya kumpa maskini na ya kuwatumia ahli zako, akasema yenye ujira mkubwa zaidi ni hiyo ya ahli zako. Basi jasho lako lisidharauliwe na mtu. Lakini hadithi hiyo inazungumzia dinari, na mkeo hakulalamikia dinari.

Tazama yaliyompata swahaba Abuu Dardaa (r.a.). Mtume (s.a.w.) alikuwa amemuunganisha udugu na Salmaan al-Farsi. Siku moja Salmaan akamtembelea, akamkuta mkewe amevaa hovyo, hajishughulishi na nafsi yake. Akamuuliza, una nini? Akajibu: ndugu yako Abuu Dardaa hana haja na dunia. Kwa maneno hayo machache mama yule alisema kila kitu. Abuu Dardaa akaandaa chakula, akamwambia mgeni ale, yeye amefunga. Salmaan akakataa kula mpaka mwenyeji naye ale, akala. Usiku Abuu Dardaa akataka kuinuka kuswali, Salmaan akamwambia lala. Akainuka tena, akaambiwa lala. Usiku ulipokaribia kwisha, Salmaan akasema: sasa amka. Wakaswali wote wawili. Kisha akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahli zako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alisema: Salmaan amesema kweli. Hadithi hii ameipokea Bukhari.

Angalia, ndugu yangu, Abuu Dardaa alikuwa wapi. Alikuwa kwenye swala na funga! Ikiwa ibada hasa za sunna hazikuifuta haki ya mke, duka ambalo linakuwa ibada kwa nia tu litaifuta vipi?

Sasa nikujibu ulichouliza. Muda wa dukani sikuhesabii dhambi. Hata kutoka mapema sikukatazi, kwani Mtume (s.a.w.) aliwaombea umma wake baraka katika asubuhi zao. Dereva wa malori anayekwenda Lubumbashi hukaa wiki kadhaa bila kuwaona wanawe, na ana udhuru, maadamu mkewe anajua na ameridhia. Dhambi ninayokuhofia iko kijiweni. Hapo hutafuti riziki, na anayekungoja ana haki ambayo unaweza kuitimiza ukiwa hai na mzima.

Mtume (s.a.w.) alichukia mazungumzo baada ya Isha, lakini wanazuoni wameyatoa katika karaha hiyo mazungumzo ya mtu na mgeni wake na ahli zake. Ibn Abbas (r.a.), alipolala nyumbani kwa Maimuna, ndugu wa mama yake na mke wa Mtume, alisimulia kwamba Mtume alizungumza na mkewe kwa muda, kisha akalala. Naye ndiye aliyekuwa akibeba mambo ya umma mzima mchana kutwa. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume hufanya nini nyumbani, alijibu kwamba huwahudumia ahli zake, na swala ikiwadia hutoka kwenda kuswali.

Kwa hiyo ukifunga duka, swali Magharibi hapo mjini kisha panda gari. Foleni ipo, naijua barabara ile, lakini heri uchoke ukiwa njiani kuelekea kwako. Ukifika saa 2 na nusu au saa 3, mtoto mkubwa bado yuko macho, na mkeo hajachoka kukungoja. Jumapili usifungue kabla ya Adhuhuri. Asubuhi hiyo wapeleke watoto madrasa wewe mwenyewe, uwasikilize wanavyosoma. Usije ukamwachia kijana wa dukani zamu ya kufungua duka asubuhi hiyo kila wiki, maana naye ana mama yake.

Wenzako wa kijiweni waage vizuri, uwaambie unakwenda wapi. Huenda yuko mwenye mke anayelia kilio hichohicho. Na usiku wa leo, kabla ya kumpa mama watoto hesabu za duka, muulize siku yake ilikuwaje, umsikilize mpaka amalize.

Wallahu a'lam.